Kiungo kimoja, majibu mawili: jinsi tovuti ya mizigo inavyosoma anwani yake

MALUKHU, Mbale – Siku hizi mwenye ghala hapa Malukhu halazimiki kupiga simu mara kumi kuuliza kontena lake limefika wapi. Anafungua tovuti ya msafirishaji, anabonyeza namba ya kontena, ananakili kiungo na kukituma kwa WhatsApp kwa wakala wa forodha aliyeko Malaba, kwa mwenye lori, na kwa mteja anayesubiri Jinja. Wote wanatazama ukurasa mmoja. Au ndivyo wanavyodhani.

Makala haya yanaeleza kwa nini wakati mwingine watu wawili wenye kiungo kilekile huona maelezo mawili tofauti, na kwa nini mwingine hufungua kiungo hicho akaambiwa ukurasa haupo. Yanawahusu wenye mizigo na wenye malori, hasa wale wanaotaka kutengenezewa tovuti yao wenyewe. Aya chache katikati ni za fundi wa tovuti. Ukifika hapo na maneno yakakushinda, mpe fundi wako asome.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana makontena mawili ya vigae yanayotoka bandari ya Mombasa. La kwanza litashushwa ghalani kwake Malukhu, la pili ni la mteja wa Jinja. Yote mawili yatavuka Malaba na kufika Tororo kwa barabara moja. Kutoka Tororo njia zinaachana: anayekwenda Mbale anapinda kaskazini, na anayekwenda Jinja anaendelea magharibi kupitia Bugiri na Iganga.

Karani wa msafirishaji yuko ofisini, ukurasa uko wazi tangu asubuhi. Kushoto kuna orodha ya makontena, katikati ramani, kulia karatasi za forodha, na chini kuna kisanduku kinachoonyesha mahali pa kushusha na simu ya mpokeaji. Anabonyeza kontena la kwanza, anasoma, kisha anabonyeza la pili. Ramani inabadilika, karatasi zinabadilika, lakini kisanduku cha chini kimebaki na maelezo ya kontena la kwanza. Hakuna taa nyekundu wala onyo. Dereva wa kontena la pili anapiga simu akiwa Malaba, "Tajiri, hili nashusha wapi?" Karani anasoma kisanduku na kumjibu: Malukhu. Wakati huohuo anamtumia wakala kiungo cha kontena hilohilo. Wakala anakifungua kwenye simu yake na kuona: Jinja.

Hapo ugomvi unaanza, na kila mmoja ana ushahidi mkononi. Lori likishapinda Tororo na kufika Mbale, gharama ya mafuta ya kulirudisha ni halali ya nani? Mteja wa Jinja aliyekodi vibarua wa kushusha naye atamdai nani? Karani hakusema uongo. Amesoma alichoonyeshwa.

Anwani ina nini ndani yake

Kila ukurasa una anwani inayoonekana juu ya kivinjari. Utaratibu wa kuandika anwani hizo ulichapishwa Desemba 1994, Tim Berners-Lee akiwa mmoja wa waandishi wake, na ukaandikwa upya Januari 2005. Anwani ya tovuti ya mizigo inaweza kuwa hivi (hii ni ya mfano tu, usiifungue):

https://mizigo.example/kontena/CSQU3054383?onyesha=karatasi&lugha=sw

Sehemu ya kwanza, mpaka "example", ni jina la tovuti. Inayofuata, "/kontena/CSQU3054383", ni njia: inasema ni kitu gani unachokitaka. Baada ya alama ya kuuliza kuna mkia, nao una vigezo. Kila kigezo kina jina, alama ya sawasawa na thamani yake, na kigezo kimoja hutenganishwa na kingine kwa alama ya &. Hapa kuna viwili: onyesha karatasi, tumia lugha ya Kiswahili. Namba ya kontena nayo ni kigezo, ila imekaa ndani ya njia badala ya kukaa mkiani. Kanuni nzuri ni kuweka kwenye njia kile kinachotambulisha kitu, na kwenye mkia jinsi unavyotaka kukitazama.

Zamani mambo yalikuwa rahisi, ingawa yalikuwa ya polepole. Ulipobonyeza, anwani yote ilikwenda kwenye seva, seva ikatengeneza ukurasa mzima na kuurudisha. Ukibonyeza tena, ukurasa mwingine mzima. Kwa mtandao dhaifu wa barabarani huo ni mzigo mzito.

Ndipo zikaja programu za ukurasa mmoja. Ukurasa hupakiwa mara moja tu. Baada ya hapo kila unapobonyeza, kivinjari huomba data kidogo tu na kubadilisha sehemu inayohusika. Ramani za Google, zilizotolewa Februari 2005, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaonyesha watu wengi utamu wa jambo hili. Lakini waliozitumia miaka ile watakumbuka kwamba ulipoisogeza ramani, anwani juu haikubadilika. Ilibidi ubonyeze mahali maalumu ili upewe kiungo cha mahali ulipo. Ukiinakili anwani ya juu tu na kumtumia mwenzako, alifunguliwa ramani mwanzo kabisa. Baadaye vivinjari vilipata uwezo wa kubadilisha anwani bila kupakia ukurasa upya, na zana kama AngularJS (2010), React (2013) na Vue (2014) zikafanya utengenezaji wa kurasa hizi kuwa kazi ya kila siku.

Katika zana hizi ukurasa hujengwa kwa vipande vinavyoitwa komponenti. Orodha ni komponenti, ramani ni komponenti, kisanduku cha mahali pa kushusha ni komponenti. Kila moja inaweza kuwa imeandikwa na fundi tofauti, mwezi tofauti. Zote zinahitaji kujua jambo moja: tunazungumzia kontena lipi sasa hivi? Jibu liko kwenye anwani. Swali ni kila komponenti inalisoma lini.

Aliyesoma ubao asubuhi

Fikiria ubao wa foleni ya malori. Dereva mmoja anausoma asubuhi, anaandika namba yake kwenye kiganja, kisha anakwenda kunywa chai. Mwingine amekaa mbele ya ubao na kila unapobadilishwa anatazama. Saa nne foleni inapangwa upya. Yule wa kiganja bado ana namba ya asubuhi, na ataitetea kwa nguvu zote.

Kisanduku cha karani kilikuwa dereva wa kiganja. Kilisoma namba ya kontena mara moja, kilipoanza kuonekana, kikaihifadhi pembeni. Karani alipobonyeza kontena la pili, anwani ilibadilika lakini ukurasa haukupakiwa upya, na kisanduku hakikuzaliwa upya. Kilikuwa kilekile, na namba yake ileile ya zamani. Wakala wa Malaba aliona ukweli kwa sababu alifungua kiungo upya, na kwake kila komponenti ilisoma anwani kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kulikamata: ukimwita fundi, atapakia ukurasa upya na kila kitu kitakuwa sawa mbele ya macho yake.

Sasa aya za fundi. Katika Vue, anwani inapobadilika kutoka kontena moja kwenda jingine ndani ya njia ileile, komponenti ileile hutumika tena na `mounted` haiitwi mara ya pili. Soma `$route.params` na `$route.query` kupitia `computed`, au weka `watch`. Katika Angular, `snapshot` ni picha ya wakati mmoja, kwa hiyo jiandikishe kwenye `paramMap` na `queryParamMap` upate kila badiliko. Katika React, ukichukua thamani ya `useParams` au `useSearchParams` na kuitia ndani ya `useState`, umeiandika kwenye kiganja, kwani `useState` hutazama thamani ya mwanzo tu. Itumie moja kwa moja. Na kama `useEffect` ndiyo inayoomba data, namba ya kontena iwemo kwenye orodha ya vitu inavyovitegemea.

Jambo la pili kwako fundi ni mahali komponenti ilipo. Upau wa juu ulioweka nje ya njia za React Router hautaiona namba iliyo ndani ya njia, `useParams` itarudi tupu, ingawa mkia wa vigezo utauona bila shida. Watu hupoteza siku nzima hapo. Na kama tovuti yako bado inatumia anwani zenye alama ya # kabla ya njia, ujue kwamba mkia ulio baada ya # haumo ndani ya `location.search`, wala kivinjari hakiupeleki kwenye seva.

Usiwe na hifadhi mbili za ukweli. Mafundi wengine huchukua kontena lililochaguliwa na kuliweka kwenye anwani, kisha wakaliweka tena kwenye hifadhi ya ndani ya programu, kisha wakaandika msimbo wa kuoanisha hizo mbili. Huo msimbo wa kuoanisha ndio utakaokuamsha usiku. Anayebonyeza kontena abadilishe anwani tu, na komponenti zote zifuate anwani.

Ukurasa haupatikani

Malalamiko mengine ni haya: kiungo kinafunguka vizuri ofisini, lakini aliyetumiwa anaambiwa ukurasa haupo. Sababu mara nyingi ni kwamba ofisini ukurasa ulikuwa tayari umepakiwa, na programu ilibadilisha anwani yenyewe bila kuuliza seva. Aliyetumiwa anaanza na seva, na seva haijui kitu kinachoitwa "/kontena/CSQU3054383". Seva haina budi kupangwa ili kwa kila njia ya aina hiyo irudishe ukurasa uleule wa mwanzo, kisha programu isome anwani na kuamua cha kuonyesha. Ni mstari mmoja au miwili ya mpangilio. Lakini usipowekwa, wakala atakaa Malaba na simu mkononi huku lori likipitwa kwenye foleni.

Msomaji anaweza kuuliza kama mambo haya yana uzito wowote hali karatasi zenyewe ziko kwa mamlaka ya mapato. Ni kweli. Tangu Himaya ya Pamoja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, taratibu nyingi za kodi hukamilishwa kwa kompyuta mzigo ukiwa bado bandarini, na tovuti ya msafirishaji haiwezi kubadilisha tamko la forodha. Lakini dereva haongozwi na tamko la forodha. Anaongozwa na anachoambiwa kwenye simu, na anayemwambia anasoma ukurasa.

Namba za simu, nafasi na majina ya kampuni

Hapa ndipo biashara yetu ya mpakani inapotofautiana na mifano iliyoko kwenye vitabu vya mafundi. Namba za simu zetu huanza na +256 au +254. Ndani ya mkia wa anwani, alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu. Ukiandika ?simu=+256 na kuendelea, upande wa pili `URLSearchParams` itasoma nafasi kisha 256. Namba haitapigika, au itatafutwa kwenye orodha isionekane. Inatakiwa iandikwe %2B256.

Namba za magari zina nafasi katikati, kwa mfano UAA 000A. Ukibandika anwani yenye nafasi ndani ya ujumbe wa simu, kiungo hukatika hapo: "UAA" inakuwa sehemu ya kiungo na "000A" inabaki maneno ya kawaida. Nafasi inatakiwa iwe %20. Na kampuni zenye alama ya & katikati ya jina, kama zilivyo nyingi za baba na wanawe, hukatwa kichwa kabisa, kwa sababu & humaanisha kigezo kipya kinaanza. Fundi apitishe kila thamani kwenye `encodeURIComponent` kabla ya kuiweka kwenye anwani, mara moja tu. Akiipitisha mara mbili, %2B itageuka %252B na utarudi palepale.

Kumbuka pia kwamba kila kigezo hufika kikiwa maandishi. Namba ya hati inayoanza na sifuri ikigeuzwa kuwa hesabu, sifuri hupotea na hati haipatikani. Tarehe nazo ziandikwe mwaka kwanza, 2024-04-03, maana 03/04 kuna atakayeisoma Aprili 3 na atakayeisoma Machi 4.

Kigezo kimoja kina kinga yake chenyewe, nacho ni namba ya kontena. Herufi 4 na tarakimu 6 za mwanzo huzalisha tarakimu ya 7. Kila herufi ina thamani (C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32), kisha alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea hivyo mara dufu hadi ya kumi kwa 512. Kwa CSQU305438 jumla ni 6185. Gawanya kwa 11, baki ni 3, na ndiyo tarakimu ya mwisho: CSQU3054383. (Baki ikiwa 10, huandikwa 0.) Mtu akikosea na kuandika CSQU3059383, baki itakuwa 5 na si 3, na komponenti inaweza kusema hapohapo "namba hii si sahihi", bila kuuliza seva na bila kula bando. Nashangaa ni tovuti chache kiasi gani nilizoziona zikifanya hivyo.

Usichopaswa kuweka kwenye anwani

Anwani huhifadhiwa kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva, na hutumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Kwa hiyo namba ya siri isikae humo kamwe.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kubadilisha herufi chache za anwani na kufungua mzigo wa mwenzake. Namba ya kontena si siri, imepakwa rangi ubavuni na kila aliyesimama kando ya barabara anaisoma. Kama tovuti yako inaonyesha ankara na simu ya mpokeaji kwa yeyote mwenye namba hiyo, umewafungulia washindani wako daftari. Udhaifu wa aina hii, yaani seva kutokagua nani ana ruhusa ya kuona nini, uliwekwa nafasi ya kwanza katika orodha ya hatari za tovuti iliyotolewa na OWASP mwaka 2021. Kuficha kitufe kwenye ukurasa si kinga. Seva yenyewe ndiyo iulize: wewe ni nani, na mzigo huu unakuhusu?

Nimeona pia wazo la kuweka mahali pa kushusha ndani ya mkia, ?mwisho=jinja, ili kisanduku kifunguke haraka. Msikubali. Yeyote anaweza kufuta "jinja" akaandika "mbale" na kukisambaza kiungo kikiwa na jina la tovuti yenu halali. Mahali pa kushusha patoke kwenye rekodi ya seva kila mara. Anwani iseme kontena lipi, basi.

Kabla hujalipa

Ukiwa unatengenezewa tovuti, usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya kukaa naye nusu saa. Fungua kontena la Malukhu, kisha bila kupakia upya bonyeza la Jinja, na usome kila sehemu ya ukurasa kwa sauti, hasa ile ndogo ya chini. Bonyeza kitufe cha kurudi nyuma: zote zirudi Malukhu pamoja, na ziishie hapo. Kama inakulazimu kubonyeza mara 11 kwa sababu ulitafuta neno lenye herufi 11, mwambie atumie kubadilisha badala ya kuongeza kwenye historia. Nakili kiungo, kitume kwenye simu nyingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, na utazame inaonyesha nini. Badilisha tarakimu moja ya kontena. Mwisho, mtafute mpokeaji kwa namba yake ya simu ukianza na +256, nakili anwani itakayotokea, uibandike kwenye ujumbe, na uibonyeze kutoka humo.